Mama Pulchérie Apendeki na Kibuyu cha Bibokoboko, 1966–2024

Ndugu waombolezaji, bamama na bababa, baba padri na wachungaji mliofika,

Desturi ya wasifu ni kutaja jina la marehemu, kisha kabila lake, kisha kijiji chake. Hilo la katikati hamtalisikia leo, wala hamtaliona kwenye karatasi mliyoshika. Halikusahaulika. Marehemu mwenyewe aliagiza lirukwe, na kila aliyewahi kubishana na Mama Pulchérie anajua kwamba hata akiwa ndani ya jeneza agizo lake si la kuchezewa. Sababu mtaisikia mbele, kutoka kwa binti yake Nadège, anayewasomea maneno haya kwa niaba ya familia.

Mama Pulchérie Apendeki alizaliwa Swima tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa mzee Henri Wilondja, mvuvi, na Mama Riziki, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kupanga. Samaki wa baba yake aliwapanga kwa aina na ukubwa kabla wanunuzi hawajafika, na mnunuzi akiwavuruga, alikemewa na mtoto asiyefika kiunoni pake. Mzee Henri alikuwa akicheka: "Huyu mutoto ataniuzishia samaki kwa fimbo!"

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Swima, kisha sekondari Uvira, akapata diploma ya serikali katika ualimu mwaka 1985. Alipopewa darasa hapa Baraka, alikuta vitabu vya shule vimefungiwa kabatini pamoja na panya. Panya aliwafukuza, vitabu akavipa namba, na kuanzia siku hiyo hakuwahi tena kuwa mwalimu tu.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Déogratias Etabo, fundi wa mitumbwi. Mahari ilitolewa kama inavyotakiwa, lakini wazee wa familia wanakumbuka kwamba kilichomlainisha bibi harusi ni rafu ya vitabu ambayo Déogratias aliichonga kwa mbao zilizobaki kwenye mtumbwi. Rafu hiyo ingali imara kuliko mitumbwi mingi. Mungu aliwajalia watoto wanne, mmoja akamrudisha kwake mapema.

Vita vya 1996 viliwavusha ziwa hadi kambini Kigoma, kama vilivyowavusha wengi waliosimama hapa. Kambini kulikuwa na kibanda cha vitabu na kompyuta moja. Hapo ndipo Mama Pulchérie alipokutana na programu ya kuorodhesha: kila kitabu kina ukurasa wake ndani ya mashine, na kila ukurasa una masanduku ya kujaza, jina, mwaka, mahali kilipo. Alirudi nyumbani mwaka 2006 na hamu hiyo kama mtu aliyeonja asali. Mwaka 2011 alikwenda Bukavu kwa mafunzo ya wiki kadhaa ya wahudumu wa maktaba, kumbukumbu na makumbusho, akarudi na programu kwenye flashi aliyoivaa shingoni pamoja na msalaba wake.

Hivyo ikazaliwa Nyumba ya Kumbukumbu ya Baraka. Chumba cha kwanza vitabu, cha pili karatasi na sauti za wazee, cha tatu vyombo: vibuyu, vikapu, viti, nyavu, mikuki. Watu wa ziwani walileta vyao, watu wa milimani wakashuka na vyao. Alifundisha makatibu wa parokia, walimu, na ndugu zetu waliokimbia kutoka Burundi. Sheria zake zilikuwa tatu, na mwanafunzi asiyezijua kwa moyo hakugusa kibodi. Ya kwanza, aliyeleta chombo kwa mkono wake ndiye atakayekiondoa kwa mkono wake. Ya pili, sanduku lenye nyota nyekundu haliachwi tupu. Ya tatu, hakuna kufuta.

Miongoni mwa walioleta alikuwa Mama Marie-Goreth Igiraneza wa Bibokoboko, kijiji cha milimani, aliyeshuka na kibuyu cha maziwa kilichong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Alimwonya Mama Pulchérie kwamba kibuyu hicho kisipofukizwa moshi kitapasuka. Mama Pulchérie, binti wa Swima, alijua moshi wa aina moja tu. Alikifukiza juu ya kuni zile zile za samaki. Marie-Goreth aliporudi akainusa shingo ya kibuyu, akakaa chini kabisa kwa kicheko. "Mama Nadège, umenigeuzia kibuyu kuwa samaki!" Alimfundisha nyasi zinazofaa, wakawa marafiki wa kutembeleana, maziwa yakishuka na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, wakipanda.

Ndugu waombolezaji, tungependa wasifu huu uendelee kwa vicheko. Haukuendelea hivyo.

Mwaka 2020 milimani kuliwaka vita kati ya watu wa kule na wa huku, na barabara ya Bibokoboko ikafungwa. Mama Marie-Goreth hakuonekana tena. Hapa mjini watu waliosalimiana jana walianza kupitana kimya. Asubuhi moja, mafunzo yakiendelea, kundi la vijana wa mtaa liliingia uani likiongozwa na Élie, kijana ambaye Mama Pulchérie alimfundisha kusoma. Walitaka vyombo vya watu wa milimani vitolewe vichomwe barabarani. Tena walitaka majina ya walioleta, maana baadhi yao walikuwa wamehamia hapa hapa Baraka kwa ndugu zao.

Sasa, kibuyu ni kibuyu na kikapu ni kikapu. Kwa macho, hakuna kijana pale aliyeweza kutenga cha ziwani na cha mlimani. Ila mashine iliweza. Programu ilikuwa na sanduku lililoandikwa "Kabila na kijiji", nalo lilikuwa na nyota nyekundu. Kwa miaka yote Mama Pulchérie alikuwa amewasimamia wanafunzi wake walijaze kwa kila chombo, bila kuruka hata kimoja, na wa kwanza kwa bidii alikuwa Guy, aliyekaa mbele ya kompyuta asubuhi hiyo.

"Guy," Élie alisema, "andika jina ya bale bantu hapo. Mashini itatuonyesha."

Mama Pulchérie aliifunga kompyuta kwa kiganja, akabaki ameikandamiza. "Sheria ya hii nyumba unaijua. Mwenye alileta njo atakitosha kwa mukono yake."

"Mwenye alileta amekimbia, Mama!"

"Basi tutamungojea."

"Siye hatutangoja. Siku ya Yenga, kisha misa, tutarudia. Ukikataa, tutaingia wenyewe."

Walipotoka, aliketi juu ya sanduku la vitabu. Mume wake anasema hakuwahi kumwona na hofu kama ile, hata walipovuka ziwa chini ya risasi. Wakati ule alikuwa anakimbia kitu kilicholetwa na wengine. Safari hii kisu kilikuwa kimenolewa ndani ya nyumba yake, na mnoaji ni yeye. Alisema hivyo mwenyewe, bila kujionea huruma: "Mimi njo niliwafundisha batoto kuandika hii. Niliona nyota nyekundu, sikuona bantu."

Guy alimsihi. "Mama, tufute tu. Iko kidole moja, bif, inaisha."

Mtu mwingine angefuta papo hapo. Lakini huyu ni mwanamke aliyekuwa amewakatalia wanafunzi kufuta hata herufi iliyokosewa, aliyewatuma warudi milimani kwa miguu kuuliza tena jina la kijiji. Alizunguka chumba cha vyombo mchana kutwa akikigusa kimoja baada ya kingine. Jioni jua likiwa bado juu ya milima, aliketi mbele ya kompyuta, akalifuta sanduku lile katika kila ukurasa, kazi ya miaka tisa. Flashi alimohifadhi nakala ya kila kitu aliivua shingoni akaitupa ndani ya mbabula, jiko la makaa, msalaba ukabaki peke yake kifuani. Kisha akalia kwa sauti, na hakuona aibu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alipofuta machozi alimgeukia Guy. "Ulisema kidole moja. Kidole moja haiuwake chawa. Kesho uende kuniitia bamama."

Jumapili, ndiyo Yenga, ilipofika, Élie na wenzake walikuta ua umejaa wanawake, wa Baraka na wa Swima, wamekaa kimya kana kwamba wako msibani. Élie aliingia, akamwamuru Guy aandike. Guy aliandika. Mashine haikuleta kitu.

"Umefuta!"

"Nimefuta," Mama Pulchérie alijibu.

"Basi tutatosha yote inje!"

Hapo wanawake waliinuka. Waliingia chumba cha vyombo, kila mmoja akaweka mkono juu ya chombo kimoja, wengine juu ya viwili, viwe vyao au visiwe vyao. Vijana walikuwa na marungu, na mbele yao walikuwa mama zao na shangazi zao. Mmoja wa vijana alisukuma, kikapu kikaanguka, mama mmoja akakiokota na kukishika tena.

Élie alitazama huku na huku, akaona kibuyu kimoja kwenye rafu ya juu ambacho hakikuwa na mkono. Kilikuwa kile cha Marie-Goreth. Alikinyakua.

"Élie," ilisikika sauti ya Mama Rosette, shangazi aliyemlea tangu mama yake alipofariki kwa uzazi. "Hiyo uiweke."

"Sababu gani?"

"Sababu ulikunywaka mu yake. Mama yako alikufa, maziwa hatukuwa nayo. Mama moja wa Bibokoboko alikuwa anashuka nayo mu hiyo kibuyu, mupaka ukaota meno. Hatukukwambia. Tuliona haya."

"Bongo!" Élie alipiga kelele, akimwita shangazi yake mwongo. "Bongo hiyo!"

Alikiinua kibuyu juu ya kichwa. Mkono ule ulikaa juu kwa muda ambao waliokuwepo hawapendi kuukumbuka. Halafu Élie alikishusha, akakiweka mezani kwa mikono miwili, akatoka bila kumtazama mtu. Wenzake walimfuata. Hakuna chombo kilichotoka siku hiyo.

Mahali pa sanduku lililofutwa, Mama Pulchérie aliweka jingine: "Nani alikitumia, na kwa kazi gani?" Wanawake walisimulia, Guy akaandika, na ikaonekana kwamba karibu kila chombo kilipita katika mikono ya huku na ya kule. Sanduku hilo halikupewa nyota. Tangu hapo alikataa kabila liandikwe popote, na ndiyo sababu hamkulisikia la kwake leo. Wanafunzi walipotaka kuandika jina la Élie kwenye ukurasa wa kibuyu, aliwakataza. Mtu huandikwa kwa kinywa chake mwenyewe, alisema, na mpaka hapo pabaki tupu. Miaka minne Élie hakukanyaga pale, na kila mwezi Mama Pulchérie alikifukiza kibuyu kwa nyasi zake, akimngojea Marie-Goreth ashuke.

Mwaka jana shinikizo la damu lilimshika, kisha figo zikachoka. Alilazwa hospitalini hapa mjini mwezi wa nane mwaka huu, na hata kitandani alimsahihisha muuguzi namna ya kupanga faili. Wasiwasi wake haukuwa kifo. Alijua wapo wanaongoja aondoke ili waingie, na alilisema waziwazi: "Siku ya kunizika, bantu bote batakuwa kwa kaburi. Nani atabakia kwa mulango?" Na nani kati yetu angekubali kumkosa leo?

Siku chache kabla hajafariki Élie aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda kofia mkononi.

"Mama, ile kibuyu ingali iko?"

"Iko."

"Uniandike."

Guy aliitwa na kompyuta. Élie alisema mwenyewe, na Guy akaandika neno kwa neno: nilikunywa ndani yake, nikapona. Mama Pulchérie alimtaka aisome kwa sauti, kama zamani darasani, na alipokosea akamrudisha mwanzo. Mama Pulchérie alilala usingizi wa milele Jumatano tarehe 18 Septemba 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, mzee Déogratias Etabo, watoto watatu, Nadège, Albert na Casimir, wajukuu watano, wanafunzi wengi, na Guy ambaye tangu leo ndiye mwenye funguo. Ameacha pia rafiki, Mama Marie-Goreth Igiraneza, popote alipo. Kama kuna mtu hapa anayejua njia ya kumfikishia neno, amwambie kibuyu chake hakijapasuka, na hakinuki samaki.

Wengine wameuliza tangu asubuhi mbona Élie haonekani, na wamesema yao. Tunawajibu mbele ya kaburi hili. Élie amekaa kwenye kizingiti cha Nyumba ya Kumbukumbu, peke yake, tangu jeneza lilipotoka nyumbani. Alisema ninyi mkazike, yeye atalinda.

Lala kwa amani sasa, Mama Pulchérie. Mlangoni yuko mtu.