Tone Lenye Ncha Mbili

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili, mkabala na geti la nyuma la maabara. Mimi nashona viatu hapo hapo, kwa hiyo najiona mwenyeji. Mchana ukilegea, mvuke wa birika la dada wa kahawa ukipanda taratibu, watu husema mambo ambayo kwingine wangeyaonea haya. Siku hiyo Mzee Chupa aliwahi kuliko kawaida yake. Tunamwita hivyo kwa sababu anaosha vyombo vya maabara. Kikombe chake alikishika tu, hanywi.

— Vipi mzee, umefiwa? aliuliza Redio, fundi wa kupaka rangi ambaye kitufe chake cha kuzimia hakijapatikana bado.

— Sijafiwa. Yule binti wa hadubini, mwanafunzi wa pale maabara, kazi yake ya miezi minane imeharibika. Na saa tisa anamwonyesha mwalimu wake.

— Kazi gani?

— Matone. Madogo, hata elfu yanakaa kwenye ukucha. Siku moja aliniita, "Baba, njoo uone." Nikaweka jicho. Ndani ya tone kuna kitu kama maji, lakini kimejipanga kama nywele zilizochanwa. Mistari inatoka ncha hii, inapinda, inakutana ncha ile. Kwenye ncha hizo mbili tu ndipo inapovurugika. Akitia vishanga vya plastiki, vinateleza juu ya tone polepole, mpaka kimoja kinatua huku, kingine kule. Hakuna anayevisukuma.

 Niliacha kushona, sikatai, nikauliza:

— Kwa nini viende kwenye vurugu?

— Alisema pale tone limechoka. Kishanga kikikaa hapo, linapumzika.

— Hiyo naijua, alisema Sindano, fundi cherehani. Nikishona mto wa duara, kitambaa hata ukinyooshe vipi, lazima kikunjamane katikati, juu na chini. Ndipo naweka vifungo.

— We unaongea mito! Redio alishika kasi. Dunia nayo ni tone. Ina ncha mbili. Sisi ni vishanga, tunateleza tunadhani tunatembea.

— Acha hizo, alisema Sindano.

— Mbona unalala katikati ya kitanda, unaamka umebanwa ukutani? Nani kakusukuma? Kuna mistari, bwana. Hata ndoto zinaipita hiyo hiyo.

Dada wa kahawa alicheka kwa upole.

— Basi na hili benchi. Mimi siwaiti, lakini mnakuja. Labda mji umevurugika hapa.

Nilijiona nikielea juu ya kitu cha duara kinachong'aa, bila haraka, na kwa kweli nilipenda.

— Ya kazi gani sasa hayo matone? aliuliza Sindano.

— Yakigandishwa, kila moja linabaki na viraka viwili, pale vishanga vilipotua. Kiraka kinashika kiraka. Ukiyamwaga pamoja, yanajiunga yenyewe, mnyororo. Anasema ipo siku vitu vitajishona bila fundi.

— Bila fundi? Afadhali yameharibika!

Tuliangua kicheko, isipokuwa Mzee Chupa.

— Vishanga vyote vimerundikana upande mmoja, alisema. Ncha mbili zimekuwa moja. Sabuni chembe tu inatosha kugeuza ile mistari, mwenyewe aliniambia. Ndiyo maana chupa husuuzwa mara tatu.

Akaitazama mikono yake.

— Jumatatu maji yalikatika. Nilikuwa na nusu ndoo. Nikasuuza mara moja.

Hata Redio alishusha sauti.

— Ameshajua?

— Atajuaje? Huwa ananiambia, "Baba, chupa zako sizikagui." Asubuhi nimemkuta analia kwenye ngazi, anailaumu mikono yake.

— Basi meza hilo neno, alisema Redio. Ukisema, kazi huna. Miaka kumi na tisa, mzee!

— Akinyamaza, alisema Sindano, binti naye ataendelea kujilaumu kwa kosa lisilo lake.

Geti likalia. Binti akatoka, koti jeupe mkononi, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitikia kwa pamoja, kama tumefumaniwa.

Dada wa kahawa aliinamisha birika. Yakadondoka matone matatu, basi. Binti alisema si kitu, akaja kukaa moja kwa moja pembeni ya Mzee Chupa.

— Baba, nimerudia yote. Mizani nimeikagua, joto nimelipima. Vishanga nimebadilisha, maji pia. Naingia kwa mwalimu sasa hivi na sina la kumwambia. Kimebaki nini?

Redio, aliyekuwa na majibu ya dunia na ya usingizi, alianza kubandua rangi kwenye kucha. Sindano aliangalia barabara. Mimi nilichukua kiatu kizima kabisa, nikakidunga sindano.

— Kimebaki nini, baba?

Mzee Chupa aliinua kikombe chake, kilichojaa bado ingawa kimepoa, akamwekea binti mkononi.

— Chupa, mwanangu, alisema. Zimebaki chupa.