Mkrismasi wa Muhima

Sogeeni, wanangu. Uwase, niinulie mto. Silvère, acha kuchungulia dirishani, mti bado upo. Daktari kasema nisiseme sana, lakini daktari yule hanijui.

Mimi baba yenu nimemwagilia bustani ya mimea ya Dar es Salaam, ile ya tangu enzi za Wajerumani, karibu na bandari. Watunzaji wengine walikuwako, sikatai, ila michikichi ya kigeni ilikuwa ikisikia kikohozi changu inasimama wima, na tausi hawakumfungulia mgeni mkia, hata angekuwa balozi, mpaka niwape ishara mimi. Meli ikipiga honi, bwana bustani alikuwa ananiuliza mimi imetoka wapi. Cheka, Uwase, mama yako naye alicheka hivyohivyo, ndipo nikampata.

Niliporudi Kigali wenzangu walibeba vitenge na redio. Mimi nilibeba mbegu za mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, ndani ya soksi, nikazipanda hapa Muhima, watu wakasema mti wa pwani utakufa kwa baridi. Mmoja ukakataa kufa. Leo ukichanua, wanaopanda kilima kutoka Nyabugogo wanadhani nyumba yangu inaungua, na hakuna bibi harusi wa mtaa huu asiyepigwa picha chini yake, hata sasa vita ikiwa kaskazini na watu wakitembea na hofu mfukoni.

Sasa wewe, Silvère. Nilikusikia ukimwambia fundi, "Mzee akishaondoka tunauangusha, tunajenga vyumba. Mti haulipi kodi." Miguu ndiyo inayouma, mwanangu, si masikio. Na sikukasirika, maana kiwanja nakuachia wewe, na dada yako akae katika nyumba hii muda autakao, asiulizwe ataolewa lini.

Kiwanja ni chako. Mti si wako. Jumapili, ulipokuwa Kicukiro, nilimwita Melchior, baba mkwe wako, nikamkalisha pale kivulini, tukanywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na mbele ya majirani nikampa mti ule kama mtu anavyompa rafiki yake ng'ombe. Mzee yule akasimama, fimbo juu, akapaza sauti mpaka mbwa wa Muhima wakaitikia, "Yampaye inka Libère!" yaani, Libère kanipa ng'ombe. Tangu sasa akiapa, ataapa kwa jina langu. Basi kata, mwanangu. Chukua shoka, umchinjie mkweo ng'ombe wake, kisha nenda ukamsalimie, halafu urudi uone kama mkeo Cécile atakupakulia chakula.

Unanuna? La, unacheka. Nakujua, una mdomo wa mama yako.

Vyumba vyako jenga upande wa choo, nafasi ipo. Na kwa kuwa aliyepewa ng'ombe humrudishia mwenzake ndama, Melchior ataotesha mche wa kwanza ampe Uwase, naye aupande popote atakapoanzia maisha yake, awadanganye watoto wake kwamba babu yao aliutoa mdomoni mwa simba. Mimi msinizike chini yake. Mizizi ile ina fujo, nami nataka kulala. Nipelekeni makaburini pamoja na watu.

Maji kidogo, Uwase... inatosha.

Pendaneni. Msigombane kwa sauti, majirani watafurahi. Mungu awape... awape afya, na watu wa kuwatembelea. Silvère, njoo, weka kichwa hapa mkononi. Hivyo. Nimekubariki, mkaidi wangu. Na wewe, Uwase, mama yangu.

Fungueni dirisha... Mmeona? Umeanza kuchanua. Niliuambia mimi.