Malachy Gavaghan na Moto wa Kina Durkan

Mmeadimika nyie. Mnakuja mara moja, mnalia mbele ya ukuta uliobomoka, mnapiga picha, mnaahidi kurudi Pasaka, kisha kimya mpaka mtu afe. Wa Boston, wa Chicago, wa Toronto, nawasema wote bila kuchagua. Hili jarida la parokia tunawapelekea bure, lakini stempu hatupewi bure.

Basi leo lisomeni mpaka mwisho. Malachy Gavaghan anastaafu. Miaka thelathini na mitatu amekaa katika chumba kile nyuma ya kanisa la Kilcorran akiwatafutia walikotoka wazee wenu, na siku ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, atamrudishia padri ufunguo. Nimeombwa nimuage mimi kwa kuwa chai yote iliyonyweka mle ndani nimeichemsha mimi. Kalamu kashika padri. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyanyoosha.

Malachy amechoka, sitawapamba. Magoti yamekwisha kwa kupanda vilima na wageni, na masikio yamekwisha kwa swali moja. Mtu anashuka kwenye basi, mvua inamchuruzika, anasema babu yake aliitwa Pat na alitoka Mayo, yaani jimbo letu hili zima. Haya, mtafute Pat wa Mayo. Ni kama kuingia zizini usiku ukatafute ng'ombe mweusi.

Padri wa zamani alimpa kazi hii kwa sababu alikuwa na baiskeli na hakuwa na mdomo. Akajifunza mwenyewe namna ya kuwakamata kina Pat. Hapa kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi zao. Kwa hiyo Malachy hakumuuliza mgeni habari za babu. Alimwambia amtajie watoto wa huyo babu kwa mfuatano, mkubwa mpaka mdogo, na kabla chai haijapoa alikuwa amekwishajua ni mlango upi wa kwenda kubisha.

Alikosea pia, asijifanye. Kuna bwana mmoja wa Chicago alimpeleka kwa kina Ruddy wa mlimani. Wakachinja jogoo, wakalia, wakaonyeshana pua zinazofanana. Jioni Malachy akagundua ukoo wa yule bwana ni Ruddy wa ng'ambo ya mto, akarudi mbio kuwaambia. Walimfukuza. Walisema wamekwishalia na jogoo amekwishaliwa, hawawezi kuanza upya na ndugu wengine. Mpaka leo wanapelekeana kadi za Krismasi.

Lakini kuna nyumba moja iliyomshinda, na hiyo ndiyo iliyomchosha kuliko magoti.

Agatha Durkan anatoka Butte, kule Montana kwenye migodi ya shaba, na mwaka huu ametimiza miaka themanini na sita. Bibi yake aliyemlea aliondoka Kilcorran akiwa msichana, pamoja na wazazi na ndugu zake wote, wakafunga mlango. Yule bibi alimwachia Agatha neno moja tu, aende siku moja akasimame sakafuni kwao. Agatha amekuja kiangazi baada ya kiangazi, na kila mara Malachy amemwonyesha mawe ambayo si yake. Kina Durkan waliobaki parokiani hawakuwa watu wake. Mwaka huu aliandika kwamba daktari amemruhusu safari moja zaidi, na baada ya hiyo asiombe nyingine. Malachy akaacha kula vizuri. Mkate wangu ulirudi jikoni na siagi yake juu.

Wiki moja kabla Agatha hajafika, Malachy alikwenda kumuaga mzee Festy Loftus katika nyumba ya wazee, maana Festy alimsaidia sana enzi zake. Mzee alikuwa amelala macho wazi. Akamuuliza, "We mtoto wa Nora, moto wa watu bado mnao?"

Malachy akauliza moto gani.

"Wa Durkan. Walipokwenda Marekani si waliuleta kwenu? Mama yako alikuwa anafukia mafungu mawili."

Ninyi mliozaliwa na jiko la swichi, sikieni. Zamani moto wa nyumba haukuzimwa. Usiku unayafukia makaa ndani ya majivu kwa sala, asubuhi unayafukua, unaweka juu mboji kavu, ule udongo wa bwawani tunaoukata na kuuanika uwe kuni, nyumba inaamka. Mtu akihama na kufunga mlango, hauachi moto wake ufe peke yake. Anauchukua kwenye chungu, anampa jirani amtunzie mpaka arudi. Nora, mama yake Malachy, kila usiku alifukia fungu moja upande wa dirisha na jingine upande wa ukuta. Malachy alikua akiona hivyo, akadhani ndivyo watu wote wanavyofukia.

Na jirani aliyetunza moto ndiye aliyebaki na malisho pia. Hilo hapa halisemwi. Huwezi kumwambia mtu usoni kwamba majani wanayokula ng'ombe wake yalikuwa ya mwenzake aliyeondoka na njaa. Malachy alikuwa amebisha milango yote ya parokia kuuliza habari za Durkan, na milango yote ilimwangalia viatu. Nyumba aliyokuwa akiitafuta ilikuwa nyuma ya uwanja wake mwenyewe. Ndimo walimolala ng'ombe wake.

Alikuja jikoni kwangu siku hiyo na koti la mvua mwilini, akakaa bila kulivua. Nyumba aliweza kuikubali, alisema, hata aibu ya malisho angeibeba. Kilichomvunja ni moto. Mama yake alipokufa, yeye ndiye aliyeleta jiko la gesi, akaufagia ule moto wote, mafungu yote mawili, akaumwaga kwenye matope. Watu walitunziwa moto miaka yote ile, akauzima mtafutaji wao. Akaniambia hawezi kumwambia Agatha. Afadhali amwonyeshe mawe mengine yoyote, afe ametulia.

Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza, "Na huu wangu unadhani niliutoa wapi, bwege wewe?"

Akatazama mekoni pangu. Mimi gesi sikuingiza, inanuka na inakula pauni. Nilipoolewa na kuhamia hapa njiapanda, Nora ndiye aliyeniletea moto wa kuanzia nyumba, kama jirani anavyomfanyia bi harusi. Alichota fungu la upande wa ukuta. Nilimwona, na moyoni nikamwita bahili, nikidhani ananipa baya abaki na zuri. Akaniambia tu niutunze sana, wenyewe wanaweza kurudi. Nilidhani ni maneno ya harusi.

Malachy alilia mpaka chai ikapoa. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na nimemwona akizika wazazi.

Siku nne alitoa samadi, akazibua dohani, akasugua mawe ya sakafu kwa mikono yake na yale magoti. Agatha alipofika, alimsimamisha mlangoni akamweleza yote kabla hajaingia, malisho, ng'ombe, gesi, asifiche hata kimoja. Mimi nilikuwa nyuma yao na ndoo ya bati yenye makaa, mkono unaniuma.

Yule mama aliegemea fimbo yake, akachungulia ndani. Halafu akasema, "Ng'ombe walikuwa wanono?"

Malachy akajibu kwamba ndiyo, walikuwa wanono.

"Basi angalau kuna mtu alishiba humu. Nipishe, mwanangu, bibi yangu ananingoja."

Akaingia, akasimama katikati ya sakafu. Nikamwaga makaa mekoni, Malachy akapanga mboji juu, na moshi ukatafuta njia yake ya zamani. Agatha hakuomba kiti. Alisimama mpaka moto ukashika sawasawa.

Amekwisharudi Butte. Ameandika kwamba analala vizuri.

Malachy, nisikie sasa nawe. Umewapa watu mahali pa kusimama. Chumba cha nyuma ya kanisa kitapata mtu mwingine, mwenye magoti mapya. Wewe kaa, kula, vua koti. Sote wa Kilcorran tunakushukuru, na tunakuombea miaka mingi mikavu. Najua kwamba kila jioni unavuka uwanja kwenda kuufukia ule moto, na kwamba unausalia. Vizuri. Usiache.

Nanyi mlioko mbali, mkija tena msianze na picha. Piteni nyuma ya uwanja wa Malachy, chukueni kipande cha mboji pale kizingitini, ingieni mkiweke motoni, yeyote yule mliyekuja kumtafuta. Na mkitoka fungeni mlango, maana ng'ombe bado wanadhani ile nyumba ni yao.