Hema la Watu Wanne

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi alikaa fundi wa kuchomelea vyuma, amepakata hema jipya kama mtoto mchanga. Kando yake alikaa mkunga aliyetoka zamu, na mkunga hawezi kuona kitu kimepakatwa asiulize.

"Jumamosi tunakwenda kupiga kambi ufukweni, mama," fundi akamjibu. "Mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Kupumzika tu."

"Na mama mkwe? Hema moja?" Mkunga akacheka mpaka kitambaa kikamlegea kichwani. "Hayo si mapumziko, mwanangu. Hapo unaposa upya!"

Abiria wengine tulijifanya tunatazama nje.

Fundi naye akacheka, kisha akashusha sauti, ingawa sote tulimsikia. "Tangu tumzike baba mkwe, hajatoka nje ya geti. Juzi akaniambia anatamani kusikia mawimbi. Ningemkatalia vipi?"

Mkunga akakikaza kitambaa chake. "Hapo umenena. Mkeo anasemaje?"

"Mke wangu anajua tunakwenda wanne."

"Makubwa! Mwambie leo hii."

"Nitamwambia hukohuko. Akishaiona bahari, roho itatulia."

"Atakuzamisha humohumo!"

Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama. Kituoni alisubiri mwanamke aliyejishika kiuno, na kando yake bibi mmoja mwenye tabasamu pana, amekumbatia mto wake wa kulalia.

Fundi akainuka ashuke, akachungulia dirishani, akamwona mkewe, akarudi kukaa. "Mama," akamnong'oneza mkunga, "wewe unashukia wapi?"