Bi Filomena Anakabidhi Funguo za Masjala ya Siri

Bi Filomena Komba anastaafu tarehe 30 Juni 1996, baada ya kuitumikia ofisi yetu hapa Morogoro kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike mimi, karani wa masjala ya wazi, kwa kuwa ukuta mmoja tu ndio uliotutenganisha muda wote huo. Nimekubali, ingawa namwonea wivu na kila mtu humu ofisini anajua.

Alifika kutoka Songea akiwa mpiga chapa. Hakukaa sana akapewa masjala ya siri, chumba nilichokuwa nakimezea mate mimi. Anapenda vitenge vya kung'aa, anacheka kwa sauti, na hakuna mkubwa aliyewahi kuvuka mlango wake bila kubisha hodi. Kwangu wanaingia tu, tena wakitafuta pini.

Mwaka 1992 biashara zilikuwa zimefunguliwa na kila kitu kilipata mnunuzi, hata karatasi zilizotumika. Siku moja saa ya chai tulinunua karanga kwa Mwanaheri pale getini, kila mtu na kifuko chake. Changu kilikuwa ukurasa wa hesabu za mtoto wa darasa la tatu. Chake kilikuwa mpangilio wa walinzi wa ghala la silaha upande wa Ngerengere, wenye mhuri wa siri. Kuna bahati nyingine zinaudhi.

Karatasi hiyo ilitoka kwenye jalada ambalo mkubwa wetu wa wakati ule alilichukua akalisomee nyumbani, jambo lililokatazwa kabisa. Huko likauzwa pamoja na magazeti ya zamani. Bi Filomena alitoa taarifa, na wachunguzi walipofika kutoka Dar es Salaam, mkubwa akadai kwamba jalada lilipotezwa na Nasibu, tarishi wetu. Nasibu akasimamishwa kazi, na wote tulijua kinachofuata ni jela. Bi Filomena aliitwa pembeni, akaahidiwa cheo iwapo angeyathibitisha maneno hayo. Wengi tulimshauri asijitie matatani.

Siku ya mahojiano mkubwa alikuwa ameketi palepale. Bi Filomena akamwamkia shikamoo kama kawaida, kisha akasema: "Jalada nilikukabidhi wewe mkononi, mzee, nikakuomba usitoke nalo. Ukaingia nalo garini. Nasibu hajaligusa."

Mkubwa alivuliwa madaraka, akafikishwa mahakamani. Nasibu alirudi kazini, na hadi leo barua za Bi Filomena hupelekwa kwanza. Cheo hakupewa, lakini mji mzima ulimjua. Alialikwa hata Kilakala kuzungumza na wasichana wa shule. Mimi nilialikwa kumbebea mkoba.

Wiki iliyopita nilianza kukaimu nafasi yake. Juzi mkubwa mmoja alimtuma dereva achukue jalada la siri ampelekee nyumbani. Nikamrudisha mikono mitupu. Mkubwa akaja mwenyewe, amenuna, nikamweleza kwa adabu kwamba atalisomea hapahapa. Akavuta kiti, akasema: "Kumbe na wewe ni Filomena."

Bi Filomena, hata siku hiyo sifa ulichukua wewe. Asante kwa kazi yako. Nenda Songea ukale pensheni yako kwa raha na afya njema. Sisi huku tumebaki na jina lako.