Mama Rudia: Miaka Thelathini na Tatu Chini ya Mabawa ya Ajuza

Tarehe 30, siku ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa karakana ya makumbusho yetu ya ndege atavua ovaroli yake baada ya miaka thelathini na tatu ya utumishi. Kwenye jalada lake ana jina refu, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Mama Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Ukimaliza kukaza nati na kujifuta jasho, yeye hutikisa kichwa na kusema, "Rudia, mwanangu," nawe unarudia, hata kama una mvi kumzidi.

Aliajiriwa kama fundi cherehani. Ndege za zamani huwa na sehemu za mkia zilizofunikwa kitambaa, na makumbusho yalikuwa yakitafuta mtu wa kukishona kwa mishono iliyonyooka. Alishona wiki mbili, kisha akaanza maswali: waya huu unakwenda wapi, kitambaa hiki kinavutwa na nini, na kwa nini fundi yule anaipiga injini teke. Mwaka wa tatu akapelekwa masomoni. Mwaka wa kumi akawa fundi mkuu. Cherehani yake ingali pale pembeni, na ole wake atakayeweka spana juu yake.

Kazi kubwa ya maisha yake ni Ajuza. Hilo ni jina letu la utani kwa ndege ya kivita ya kiti kimoja iliyoletwa kwetu vipande vipande ndani ya makasha, pamoja na kutu na viota vya panya. Duniani zimebaki mbili tu za aina yake, na ile nyingine haina injini. Mama Rudia na kikosi chake waliihangaikia miaka kumi na mmoja. Siku iliporuka kwa mara ya kwanza watu wazima walilia, na yeye alilia kuliko wote. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani kwamba yanayofuata yanamhusu mtu asiyependa ndege zipae.

Orodha ya mafanikio yake ni ndefu na mhariri wa jarida hili amenipa kurasa mbili: mafundi kumi na tisa aliowafundisha, mimi nikiwa mmojawapo, ndege sita alizozifufua, na chumba cha rangi alichopigania mpaka kikapata feni. Nitaruka mengi nifike kwenye kosa letu, kwa kuwa yeye mwenyewe ameniomba nisilifiche.

Lilikuwa kosa la mafundi wa vitu vya kale. Fundi wa ndege za kawaida asingelifanya. Mabawa ya Ajuza yameshikwa kwa bolti nne, nasi tungeweza kuchonga mpya. Lakini katika ghala moja la zamani zilipatikana bolti halisi, za kiwanda kilekile, hazijawahi kutumika, zimezungushiwa karatasi yenye grisi na chapa ya kiwanda ikisomeka vizuri. Tulifurahi kama watu waliookota dhahabu. Mama Rudia alizipitisha mkononi moja moja, akazitazama kwa kioo cha kukuzia, akarudia, akazikubali. Alitaka Ajuza iwe yenyewe, isiwe na kipande cha kuazima.

Ajuza iliruka mara kumi na nne na bolti zile. Kwenye ukaguzi wa mwaka nilikuwa nimeshaandika neno "salama" kitabuni alipoagiza zitolewe zote, zitazamwe upya. Bolti ya tatu ilitoka nusu. Nusu ya pili ilibaki ndani ya bawa. Mama Rudia aliketi sakafuni, kwenye mafuta yaliyomwagika, akauliza ndege ilipaa lini mara ya mwisho. Ilikuwa juzi yake, juu ya uwanja uliojaa wanafunzi wa shule tatu. Baadaye maabara ilitueleza kwamba chuma kilipasuka kuanzia ndani, na jicho la mtu lisingeona chochote.

Bolti mpya zilichongwa, zikapimwa kwa mashine, na bodi ikaamua Ajuza iendelee kuruka. Mama Rudia alisaini fomu ya kuiruhusu kupaa. Lakini siku za kuruka hakutoka tena nje kutazama. Alijifungia karakanani akiosha spana kwa mafuta ya taa, spana zilezile, safi tayari, mpaka asikie magurudumu yamegusa ardhi. Wageni walitusifu kwa spana zinazong'aa kama vijiko vipya. Hatukuwaambia sababu yake.

Rubani wa Ajuza ni mume wa dada yangu. Shemeji ni hodari, na hoja yake si ya kipuuzi: ndege ikikaa tu, mipira yake hukauka na injini huganda, na mtoto anayeiona imeegeshwa huona chuma kilichopakwa rangi, basi. Mama Rudia alipoiomba bodi isiirushe tena, Shemeji alisimama akasema, "Mama, ndege isiyoruka ni sanamu." Mama Rudia akamjibu kwa upole, "Sawa, baba. Ila sanamu haijamwachia mtu ujane." Dada yangu alipohadithiwa maneno hayo hakucheka, aliingia jikoni akafunga mlango.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita, na tangu siku ile Mama Rudia hajasaini tena. Alisema kwamba hakuna kipimo kinachofika kila mahali ndani ya chuma cha umri ule, na kwamba ndege ikipotea haitengenezwi nyingine, sembuse rubani. Badala yake Ajuza huwashwa mara moja kwa mwezi mbele ya wageni, ikiwa imefungwa kamba. Hunguruma mpaka madirisha ya ofisi yanatetemeka, kisha inazimwa na kila mtu anakwenda zake kula. Wapo wanaoona hiyo ni dharau kwa ndege ya vita. Hata mimi, siku nyingine, nikiisikia inanguruma palepale ilipo, naionea huruma.

Mkurugenzi wetu, anayempenda Mama Rudia kwa dhati, ameona amwandalie zawadi. Katika sherehe ya kumuaga, kipengele cha nane, Ajuza itapita angani juu ya wageni. Sherehe ni tarehe mosi ya mwezi ujao. Mama Rudia anastaafu tarehe 30. Aliisoma kadi ya mwaliko, akaiona hiyo siku moja iliyopishana, akanitazama. Kuanzia tarehe mosi anayesaini ni mimi.

Nilitegemea aniambie la kufanya. Hakuniambia. Alinikabidhi muhuri, akachukua mkoba wake, akauliza kama dada yangu hajambo.

Nimeikagua Ajuza siku tatu. Nimetoa bolti, nimezirudisha, nimepapasa kila mahali mkono unapofika, nimemulika tochi mpaka ndani ya mkia. Sikuona kosa. Nilirudi chini ya bawa nikaanza upya, maana hata ile siku niliyoandika "salama" sikuwa nimeona kosa. Shemeji amepiga simu mara nne kuniambia mavazi yake ya kurukia yamepigwa pasi. Mkurugenzi amemtuma katibu wake aje kunikumbusha kwamba wageni rasmi wamethibitisha. Nawaogopa wote wawili. Naogopa kuitwa mwoga na jina hilo kunikaa mpaka nitakapostaafu. Ninachokiogopa zaidi ni kusimama mlangoni kwa dada yangu bila kujua nianzie wapi.

Kwa hiyo, wageni waalikwa, kipengele cha nane katika ratiba mliyotumiwa hakitakuwepo. Fomu iko mezani kwangu na haina sahihi. Mkurugenzi analisoma hili pamoja nanyi, kwa sababu nililipeleka kwa mpiga chapa dakika za mwisho kwa makusudi, na mhariri hana hatia. Saa ambayo Ajuza ingekuwa angani, rubani wake atakuwa ameketi kati ya dada yangu na Mama Rudia, amenuna, sahani yake imejaa.

Mama, asante kwa mishono, kwa masomo na kwa kila ulipotuambia turudie hata tukakunja nyuso. Tunakutakia ustaafu wenye afya, wajukuu wasumbufu na usingizi mzito. Zamu ya kuogopa sasa ni yangu.