Siku Ziwa Sorrel Lilipofunguliwa

Asubuhi ile ya Julai vijana wa halmashauri waliking'oa kibao chekundu cha "Marufuku Kuogelea" ufukweni mwa Ziwa Sorrel, wakakitupa nyuma ya gari lao na kuondoka. Watu wa benchi mbele ya duka la chambo waliyaona yote, na kahawa ilikuwa haijapoa ubishi ulipoanza. Wilma, mmoja wao, alikuwa kabana midomo asitabasamu. Aliendesha basi la shule miaka mingi, na kwa kuwa alisimama hata kindi akikatiza barabara, mji mzima ulimwita Breki.

— Nilisema mimi! akaanza Orrin, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Ni ile baridi ya mwaka juzi. Barafu ilishuka mpaka chini, ikaua ule ukoko wote wa kijani uliotia maji sumu.

— Barafu wapi! akabisha Lyle, mwenye duka, ambaye wao humwita Chambo. Mle ndani kuna samaki mkubwa kama mashua yangu. Ndiye anayeramba uchafu.

— Umemwona?

— Nimeona mgongo.

— Siku hiyo ulikunywa ngapi?

— Mbili tu, bwana!

— Basi sikilizeni, akasema Redio, akishusha sauti. Ni jeshi. Zile ndege zinazopita juu zinamwaga dawa. Hawawezi kukwambia.

Breki akamgeukia.

— Na yale majani marefu ufukweni kwako, Redio? Nayo yalimwagwa na ndege?

Redio akainamia kikombe chake, akajifanya anapuliza kahawa.

Mbwa wake, Biskuti, alikunywa maji ya ziwa lile kiangazi kimoja miaka ya nyuma, akafa kabla hawajamfikisha kwa daktari. Wiki hiyohiyo Breki alisimama kwenye mkutano wa mji. Alisema kila mvua ikinyesha inasomba mbolea ya bustani zao, samadi ya ng'ombe walio kando ya kijito na mafuta ya maegesho ya magari, na yote yanaishia ziwani. Akataka iandikwe kwenye mpango wa ujenzi wa mji: ukingo uachiwe majani yachuje maji, kila maegesho yachimbiwe bwawa la kutuliza maji ya mvua, na kijito kizungushiwe uzio. Watu walicheka. Redio, pamoja na uchungu wote wa kufiwa na mbwa wake, alipaza sauti kuliko wote: "Ardhi yangu, nyasi zangu!"

Breki alirudi nyumbani, akachukua sepetu, akaing'oa bustani yake mwenyewe mpaka majini na kupanda matete. Majirani wakasema amerukwa na akili. Mkutano uliofuata akasimama tena, na uliofuata tena, hadi mikono iliyonyooshwa kumuunga mkono ikawa mingi kuliko iliyokunjwa. Wa Redio ulinyooka mwisho kabisa, naye akiangalia dirishani.

— Haya, Breki, akasema Redio sasa. Si jeshi.

— Sema kwa nguvu, Chambo hajasikia.

— Si jeshi! Ni huyu mama na majani yake! Umeridhika?

— Na samaki wangu je? akauliza Chambo.

— Samaki wako akafie mbele!

Wakacheka hadi kahawa ikawamwagikia mapajani. Breki alicheka huku akifuta machozi, na hakujua yapi yalikuwa ya kicheko.

Hapo akatokea mama mmoja mgeni, taulo begani, watoto wawili wakimvuta mikono.

— Samahani, jamani. Maji yana baridi?

Redio akamtazama Chambo. Chambo akamtazama Breki. Hakuna aliyejua. Wameishi na ziwa lile maisha yao yote, na miaka imepita bila hata mmoja wao kulitia kidole.

Breki akaweka kikombe chini, akavua viatu. Akashuka na suruali yake hivyohivyo, akapenya kwenye matete, akaingia hadi kiunoni, akazama, akaibuka na mvi zimemganda usoni.

— Yana baridi kishenzi! akapiga kelele. Njooni!

Watoto walishachomoka. Nyuma yao, Redio alikuwa anapambana na kamba za viatu vyake.